Carey Francis: Mwalimu wa hesabu aliyemalizia chaki yake Pumwani

Kila mwaka matokeo ya KCSE yakitangazwa, mabarazani kwetu huzuka mazungumzo yale yale. Hesabu imetuangusha tena. Mzee mmoja atasema walimu wa siku hizi hawafundishi. Mwengine atasema watoto hawana adabu, simu zimewala akili. Kisha atatokea mmoja, na huyu ndiye anayeniudhi zaidi, aseme kwa utulivu kabisa kwamba hesabu si somo la mtu wa Pwani, bora tushike Kiswahili na dini. Baraza zima hunyamaza, kahawa ikanywewa, na maneno yale yakabaki pale kama hukumu ya kadhi.

Mimi hukumu hiyo naikataa. Na leo nitaikataa kwa kusimulia maisha ya mtu ambaye hakuwa wa Pwani, hakuwa Muislamu, wala hakuwa Mwafrika. Alikuwa Mwingereza, tena mmishonari. Najua wako watakaoniuliza imekuwaje safu hii ikamsifu mmishonari. Jibu langu ni lile walilotuachia wazee: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Mtu huyo ni Edward Carey Francis. Alizaliwa London mwaka 1897. Alipokuwa kijana, Vita Vikuu vya Kwanza vilimchukua akaenda kutumika katika jeshi la mizinga. Vita vilipokwisha aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge kusoma hisabati, na huko akang'ara. Alipata daraja la kwanza, na baadaye akawa mhadhiri wa hisabati katika Peterhouse, koleji kongwe kuliko zote za Cambridge, iliyoanzishwa karne ya 13. Pia alishika kazi ya kusimamia fedha za koleji hiyo.

Ili msomaji ajue tunamzungumzia mtu wa kiwango gani, nitaje jambo moja. Mwaka 1928 kilichapishwa kitabu cha mazoezi ya hisabati ya juu alichokiandika pamoja na J. E. Littlewood, mmoja wa wanahisabati wakubwa kabisa wa karne iliyopita. Kitabu kilihusu mfululizo wa namba usio na mwisho. Jambo lenyewe linatisha kwa jina, lakini mfano wake uko jikoni. Chukua mkate wa mofa, ule nusu. Kisha ule robo yake, kisha thumuni, kisha nusu ya thumuni, uendelee hivyo hivyo bila kukoma. Hutamaliza kuhesabu vipande, lakini pia hutauzidi mkate mmoja. Namba zisizo na mwisho zimejumlishwa zikaishia kwenye moja. Hiyo ndiyo bahari aliyokuwa akiogelea Francis.

Mwaka huo huo wa 1928, akiwa na umri wa miaka 31, aliyaacha yote. Alijiunga na jumuiya ya wamishonari wa Kianglikana, CMS, akapanda meli kuja Kenya kuwa mkuu wa shule ya Maseno, karibu na Kisumu, pale unapopita mstari wa ikweta. Kutoka kuwafundisha vijana bora wa Uingereza, akaja kuwafundisha watoto waliokuja shule miguu mitupu. Kutoka mfululizo usio na mwisho, akarudi kwenye kugawanya na kuzidisha.

Hapa ndipo wengi wetu tungesema amejishusha. Mtu ana akili kama ile, anapotezaje maisha yake na sehemu na desimali? Lakini yeye hakuona kwamba hesabu za mtoto ni ndogo. Mwalimu anayeijua hisabati mpaka mwisho wake ndiye anayejua mtoto anapokosea anakosea wapi. Mwalimu aliyekariri njia moja, mtoto akimuuliza kwa nini, humwambia nyamaza uandike. Aliyezama kweli humwonesha.

Maseno alikaa miaka 12. Mwaka 1940 alihamishiwa Alliance, pale Kikuyu, kuwa mkuu wa shule. Alliance ilikuwa imeanzishwa mwaka 1926 kwa ushirikiano wa makanisa ya Kiprotestanti, na ndiyo iliyotangulia kuwapa Waafrika wa Kenya elimu ya sekondari. Hapo alikaa miaka 22, mpaka 1962. Aliongoza shule, na darasani hakutoka. Mkuu wa shule mwenye mambo mia ya kufanya, lakini kipindi cha hesabu kikifika, anaingia na chaki mkononi.

Alikuwa mkali. Hilo hakuna aliyewahi kulificha. Saa kwake ilikuwa saa. Vitanda vilikaguliwa, viatu vilikaguliwa, kazi ya daftari ilikaguliwa. Jibu sahihi lililoandikwa ovyo hakulipenda, na mtoto mvivu alijua kwamba hana pa kujificha. Fimbo ilitumika, kama ilivyotumika katika shule za zama zile na katika vyuo vyetu vya Kurani pia. Simsifu kwa fimbo. Namsifu kwa jambo jengine: ukali ule ulitoka kwa mtu aliyekuwa akiwajua wanafunzi wake mmoja mmoja, kwa jina na kwa nyumba aliyotoka.

Hakuoa. Hakuwa na mtoto wa kumzaa. Aliishi maisha mepesi, na pesa zake hazikukaa mfukoni, maana wako wanafunzi ambao karo yao ilikwama akawasaidia. Alipenda mpira, na alikuwa akishuka uwanjani pamoja na vijana. Mtu aliyekuwa akikutisha asubuhi ubaoni, jioni unamkuta anakimbizana na nyinyi kwenye nyasi. Mtoto si mjinga. Hutofautisha haraka sana mwalimu mkali anayemchukia na mwalimu mkali anayemtaka afike mbali.

Kazi yake haikuishia kwenye kuta za shule zake. Aliandika vitabu vya hesabu kwa ajili ya shule za msingi za Afrika Mashariki, vile vilivyojulikana kwa jina la Highway. Fikiria: kalamu iliyoandika pamoja na Littlewood ndiyo iliyokaa chini kumtungia mtoto wa darasa la tatu hesabu za kujumlisha.

Na matunda yalionekana. Matokeo ya Alliance katika mtihani wa Cambridge yakawa sifa ya shule nchi nzima. Waliopita mikononi mwake wakaja kulijaza baraza la mawaziri, mahakama, vyuo na maofisi ya Kenya huru. Jaramogi Oginga Odinga alisoma Maseno katika miaka yake. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa Alliance kutoka 1955 hadi 1958, na baadaye aliandika kitabu kizima kuhusu miaka hiyo. Na kwetu Pwani tuna wetu: Ronald Ngala, mtoto wa Kilifi, alisoma Alliance kisha akaenda Makerere, akarudi kuwa mwalimu kabla ya siasa kumchukua. Tunapoitaja barabara ya Ngala tukumbuke kwamba mwenye jina alishika chaki kwanza.

Lakini nisimpake mtu mafuta. Francis alikuwa mtu wa zama zake na wa dola lake. Hakuwa mpigania uhuru. Vita vya Mau Mau vilipopamba moto na hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, yeye alikuwa upande wa kuwapinga wapiganaji wale, na wako vijana waliokaa darasani kwake huku ndugu zao wako msituni. Kwa kijana kama huyo, kula chakula cha shule ile na kuisikia sala ya shule ile hakukuwa jambo jepesi. Wakati huo huo, Francis hakufumba macho kwa maovu ya serikali yake. Askari walipowapiga na kuwadhulumu raia, alilalamika kwa maandishi kwa wakubwa. Hilo halimfanyi mzalendo wa Kenya. Linamfanya mtu ambaye haki ilikuwa inamuwasha hata ilipomgusa mzungu mwenzake.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi zaidi. Shule za wamishonari zilikuwa shule za kuingiza watu katika dini. Hilo halikuwa siri, na Francis mwenyewe hakuja Afrika kwa ajili ya hesabu peke yake. Wazee wetu wa Mombasa, Lamu na Malindi waliokataa kuwapeleka watoto huko hawakuwa wajinga. Walikuwa wakilinda imani ya watoto wao, na mimi ninayeandika haya nikiwa Muislamu siwezi kuwalaumu kwa hilo. Ila nitasema ukweli wa upande wa pili: bei tuliilipa. Wakati bara wanajaza madarasa, sisi tulibaki tukibishana kama elimu ya kizungu ni halali.

Wapo waliotuonya mapema. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, alitoa gazeti lake la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, papa hapa Mombasa, akiwahimiza Waislamu washike elimu za zama hizi bila kuiachia dini yao. Tazama hiyo miaka. Ni miaka ile ile ambayo Francis alikuwa Maseno akisahihisha madaftari. Watu wawili wasiofanana kwa dini wala kwa rangi, mmoja pwani na mmoja ziwani, walikuwa wakisema jambo moja kuhusu kijana wa Kiafrika: kwamba anaweza, na kwamba asiyemfundisha anamdhulumu.

Sasa nirudi kwa yule bwana wa barazani anayesema hesabu si yetu. Namuuliza: neno aljebra limetoka wapi? Limetoka kwenye al-jabr, katika kitabu cha Al-Khwarizmi, aliyekuwa Baghdad karne ya 9. Na sehemu kubwa ya kitabu kile ni hesabu za mirathi, kwa sababu Muislamu akifa mali yake hugawanywa kwa sehemu. Sisi wenyewe tunasema nusu, thuluthi, robo, sudusi, thumuni. Bibi yangu ambaye hakuwahi kuingia skuli alijua thumuni ni ngapi ya shilingi.

Tupige hesabu moja hapa hapa. Mtu amefariki, ameacha mke, mtoto wa kiume mmoja na wa kike mmoja, na deni hana. Mke hupata thumuni, yaani 1/8. Zilizobaki ni 7/8, na mtoto wa kiume hupata mara mbili ya wa kike, kwa hivyo zinagawanywa mafungu matatu. Tafuta namba inayogawanyika kwa 8 na kwa 3, utapata 24. Mke atachukua 3, mwana 14, binti 7. Jumlisha: 24. Hakuna kilichozidi, hakuna kilichopotea. Hii ndiyo hesabu inayomshinda mtoto wetu wa sekondari, naye babu yake wa tano akiifanya juu ya mkeka bila kalamu. Kwa hivyo tatizo letu halikuanzia kwenye damu. Limeanzia pale mtoto alipokosa mtu wa kukaa naye mpaka aelewe.

Hapo ndipo sehemu ya mwisho ya maisha ya Carey Francis inaponigusa, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwaka 1962 alistaafu Alliance. Alikuwa na miaka 65. Wanafunzi wake walikuwa wanakaribia kuishika serikali. Angeweza kurudi Uingereza akapumzika kwenye bustani. Angeweza kukaa hapa hapa akaitwa mshauri wa hiki na mwenyekiti wa kile. Badala yake alikwenda Nairobi, upande wa mashariki wa mji, akaingia sekondari ya Pumwani kufundisha. Hakwenda kuwa mkuu wa shule. Alikwenda kuwa mwalimu wa kawaida, mwenye ratiba ya vipindi kama walimu wengine, chini ya mkuu mwengine.

Msomaji wa Pwani anaijua Pumwani hata kama hajafika. Ni mtaa uliowekwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makazi ya Waafrika wa Nairobi. Majengo iko pale. Msikiti wa Riyadha uko pale. Waislamu wengi waliotoka Pwani, Tanganyika na kwengineko walijenga nyumba zao za udongo mle, wakapika mahamri na viazi, na Kiswahili kikawa lugha ya mlango hadi mlango. Kwa watu wa mjini lilikuwa jina la kudharauliwa, mtaa wa maskini, wa kelele na sifa mbaya. Mtoto wa Pumwani alikuwa akiambiwa yale yale anayoambiwa mtoto wetu leo: masomo makubwa si yako.

Mzee wa miaka 65, aliyeanzia Cambridge, akasimama mbele ya watoto hao na kuandika ubaoni. Aliendelea hivyo mpaka mauti yalipomkuta, mwezi Julai 1966. Miaka 12 Maseno, 22 Alliance, na minne iliyobaki Pumwani. Jumla 38 ya kufundisha katika nchi hii, na aliimaliza chini zaidi ya alipoanzia, ukihesabu kwa vyeo. Ukihesabu kwa njia nyengine, sidhani kama kuna mwalimu aliyepanda kumzidi.

Mimi nilisoma mfumo wa 8-4-4, na nilikuwa na mwalimu wa hesabu wa kidato cha pili ambaye hakutoka Cambridge wala hakutajwa popote. Tulimwogopa. Alikuwa akikuita ubaoni, na ukisema hujui, hakukurudisha kitini. Alikusimamisha pale pale, akakuuliza swali dogo, kisha dogo zaidi, mpaka afike mahali unapojua, halafu akapanda na wewe ngazi moja moja. Alasiri baada ya sala alirudi darasani kwa waliobaki nyuma, na hakutoza hata senti. Sikuwa mwanahisabati, niliishia diploma yangu ya mambo mengine. Lakini mpaka leo mtu akiniletea hesabu ya kunizungusha, dukani au ofisini, nasimama nikamwambia ngoja tupige upya. Hiyo ni kazi ya yule bwana. Ameshatangulia mbele ya haki, Mola amlaze pema. Sikuwahi kumshukuru akiwa hai, na hilo linaniuma.

Kwa hivyo nina maneno kwa makundi matatu.

Kwa wazazi: mwalimu akimbana mtoto wako kwa kazi ya daftari, usikimbilie shuleni kumgombeza. Kwanza muulize mtoto kama mwalimu huyo hukaa naye mpaka aelewe. Akikwambia ndiyo, mpelekee mwalimu huyo shukrani, na kama una halwa, ifunge umpelekee.

Kwa walimu wetu wa hesabu: ukali peke yake haufundishi. Mtoto akishakuogopa bila kukuamini, atanakili kwa jirani. Mjue jina, mjue kwao, kisha mdai kazi ngumu. Hapo atakupa.

Na kwa vijana wetu wa Pwani mliofuzu hesabu, mliopata uhandisi, uhasibu na kompyuta katika vyuo vikuu: tunawaonea fahari. Lakini nani atarudi? Simwambii mtu aache kazi yake kama alivyofanya Francis. Jumamosi mbili kwa mwezi, chumba cha madrasa kikiwa kitupu, ubao mmoja na boksi la chaki, vinatosha kuanzia. Mkisubiri serikali, mtasubiri. Mgeni aliacha Peterhouse akaja kukaa na watoto wa Maseno na wa Pumwani. Kutoka Nyali hadi Kisauni ni daraja gani mnalolingoja?

Baraza letu litakaa tena matokeo yajayo yakitangazwa, inshallah. Nataka safari hiyo yule bwana akianza kusema hesabu si yetu, awepo kijana mmoja pale atakayempa karatasi na kumwambia: mzee, gawanya 24.